Kijiko Nilichokipiga Marufuku

Jumamosi, Novemba. Kanombe.

Mvua tangu alfajiri, jua kali mchana, sasa mawingu tena upande wa uwanja wa ndege. Hali ya moyo: nimefura.

Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mume wangu, Faustin, atasema "pole," kisha atafunga kamba za viatu aende zamu yake ya mizigo uwanjani. Nikimpigia dada yangu Morogoro, atacheka mpaka aishiwe salio. Leo sitaki pole na sitaki kicheko. Nataka kukasirika polepole, kwa maandishi, mpaka nijue namkasirikia nani.

Mwanangu hali.

Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu na kuifuta mara mbili. Ineza ana miezi minane. Kwa miezi miwili uzito wake haujasogea, na mimi ndiye yule mwanamke aliyejaza ukurasa huu picha za mtoto ameshika kipande cha parachichi, na chini yake maneno marefu kuhusu jinsi mtoto anavyolijua tumbo lake kuliko mtu mzima yeyote. Mliniandikia mkaniuliza nimewezaje. Niliwajibu kwa kirefu, tena kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Yule mtoto kwenye picha alikuwa anajipaka tu lile parachichi. Hakumeza kitu. Nililijua hilo wakati naziweka picha, nikajiambia ndivyo wanavyoanza.

Nianze mbali kidogo. Mimi nimelishwa uji kwa kubanwa pua. Si kisa cha ajabu, wengi wa rika langu tumepitia. Bibi anakulaza mapajani, anakubana pua kwa vidole viwili, ukifungua mdomo kuvuta pumzi uji unaingia. Nina miaka thelathini na mbili na harufu ya uji bado hunifanya nitazame mlango ulipo. Nilipokuwa na mimba nilijiapiza kwamba mwanangu hatalazimishwa hata tonge moja.

Ndipo nikasoma habari za watoto kujilisha wenyewe. Akifika miezi sita, akaweza kukaa bila kuegemezwa, unampa chakula kilichoiva mpaka kinabonyea kwa vidole, umekikata urefu wa kidole chako ili akishike. Kiazi kitamu, boga, parachichi, yai. Anashika, anapeleka mdomoni, anasaga kwa fizi, akishiba anaacha. Hakuna kusaga chakula kiwe rojo, hakuna kijiko, hakuna mtu wa kumbana pua. Niliposoma nililia, jamani. Nilijiona mimi mwenyewe ndiye ninayetolewa mapajani mwa bibi.

Ambacho hawakuandika ni kwamba parachichi huteleza kama sabuni. Hawakuandika kwamba dodo, ndio mchicha kwa Kinyarwanda, ukikauka ukutani huondoka na rangi ya ukuta. Hawakuandika kwamba mtoto anaweza kukaa na kipande cha boga mkononi dakika ishirini nzima, akakigeuza, akakitazama kama mtu anayekagua tiketi, kisha akakidondosha na kuangalia kinakotua. Mara tatu kwa siku. Halafu wewe unapiga magoti chini ya kiti kuokota, umevaa nguo za kazini.

Na kile kiti! Tulikiagiza Gisozi kwa maseremala. Faustin alitoa vipimo kwa simu akiwa kazini, ndege zinapita juu yake. Kikaletwa kiti kizito kama kabati, kimepigwa vanishi mpaka unajiona uso, na meza yake inamfikia Ineza kidevuni. Fundi alipolalamikiwa alisema mtoto atakua. Tukamkalisha juu ya mito miwili, ikawa kila akiinama kufuata kipande, mito inakimbia naye upande.

Siku ya kwanza kabisa alikohoa kiazi. Hakupaliwa, alikohoa tu, akatoa ulimi, uso ukawa mwekundu, kiazi kikarudi. Nilikuwa nimesoma kwamba hivyo ndivyo wanavyojifunza, kwa hiyo nilikaa nikitazama. Mabukwe, yaani mama mkwe wangu, alikuwa amesimama mlangoni. Alimwita Mungu kwa kelele, "Mana we!" akaruka kumchukua. Baadaye, Ineza alipokwisha kucheka, aliniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Mama Ineza, huyu mtoto atakabwa, na wewe unamuangaria tu."

Nilimjibu kwamba wataalamu wamesema. Naikumbuka sura yake alipolisikia neno wataalamu. Alikubali kwa kichwa akaenda kufua.

Mabukwe alihamia kwetu kutoka Batsinda nilipomaliza likizo ya uzazi, ili akae na Ineza mchana. Aliishi Karagwe zaidi ya miaka thelathini, Faustin na ndugu zake watano wote walikulia kule, kwa hiyo Kiswahili chake kinatosha kabisa, ingawa l hugeuka r mdomoni mwake, na kama hakitoshi ananyamaza. Ni mtu wa kunyamaza. Kwa miaka mitano ya ndoa yangu sijawahi kumsikia akilalamika, na sijawahi kumwona akila.

Hilo la pili wasomaji wangu wa Tanzania hawatalielewa haraka. Kwetu ukimkuta mtu anakula anakwambia karibu, unanawa, unakaa. Kula ni jambo la watu. Hapa watu wa umri wake walifundishwa kwamba kutafuna mbele za watu ni kukosa adabu, ni kama kuvua nguo. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua hindi la kuchoma nikawa nalitafuna nikitembea kuelekea ofisini. Mwenzangu wa kazi alinivuta pembeni ya ukuta, akanisitiri kwa mwavuli wake mpaka nikamaliza. Vijana siku hizi hawajali sana. Mabukwe anajali. Anatupakulia sote, anachukua sahani yake, anaingia jikoni na kufunga mlango. Wageni wakija chakula kikiwa mezani, kinaondoka mezani.

Ineza alipofika miezi sita nilimwandikia masharti kwenye karatasi nikaibandika mlangoni mwa friji. Naiweka hapa ili mnione nilivyo.

Usimlishe kwa kijiko.
Usimtie chakula mdomoni.
Mwache ashike mwenyewe.
Asipotaka, usimlazimishe, ondoa sahani.

Nilipigia mstari mwekundu neno kijiko. Mara mbili.

Na kila siku saa saba mchana nilipiga simu kutoka ofisini. Ofisi yetu ya kutoa mizigo iko hapa hapa Kanombe, dakika kumi kwa pikipiki, lakini saa ya chakula mimi na wenzangu huwa tunakula pamoja kwenye mgahawa wa chini, na nilikuwa naipenda ile saa moja ya kuwa mtu asiye mama wa mtu. Basi napiga simu. "Mama, umemlisha kwa kijiko?" Anajibu, "Hapana, sijagusa kijiko." Nafurahi, nakata simu, naendelea na ubwabwa wangu.

Sasa Jumatano. Mjumbe wa afya wa mtaa wetu anaitwa Mukamana, jirani wa nyumba ya nne, mwanamke mnene mcheshi anayepima watoto wa mtaa kila mwezi kwenye ua wake. Alimtundika Ineza kwenye mizani, akasoma, akamshusha, akamtundika tena. Akatia nukta kwenye kadi. Mstari umelala chali. Akazungusha ule utepe wa rangi mkononi mwa mtoto. Ulikuwa bado kwenye kijani, ila ukingoni.

"Mama Ineza, kilo iko ile ile," alisema. "Sasa ni mwezi wa pili. Jumamosi uje kwenye igikoni. Mwezi ujao kama haijapanda, mimi naandika karatasi, munaenda kituo cha afya."

Igikoni cy'umudugudu ni jiko la mtaa. Akina mama ambao watoto wao hawakui vizuri wanakusanyika, kila mmoja na alichonacho, wanafundishwa kupika chungu kimoja chenye kila kitu. Nimekuwa nikipita pale Jumamosi nikiwapungia mkono kwa huruma. Mimi, mwenye shahada. Mimi, mwenye ukurasa wa mtandaoni ambao watu wanausoma kujua namna ya kulisha watoto.

Nilirudi nyumbani damu imenipanda. Nikaingia chumbani kwa Mabukwe kuchukua nguo za Ineza, na pale chini, kati ya kitanda na ukuta, nikaona kikombe cha bati chenye mabaki ya uji. Ndani yake kijiko.

Basi nikajua kila kitu. Ndivyo nilivyodhani, kwamba nimejua kila kitu. Mtoto anashindiliwa uji mwepesi kwa siri, tumbo linajaa maji, ndiyo maana chakula changu anakichezea, ndiyo maana hakui. Nikatoka na kile kikombe mkononi nikamkuta anakunja nepi sebuleni. Nilisema mengi. Nilisema, "Mama, unanidanganya kila siku kwenye simu." Nilisema anamfanyia mwanangu yale yale niliyofanyiwa mimi. Nilisema kama hawezi kufuata jambo dogo lililoandikwa kwa herufi kubwa, basi heri nitafute mtu mwingine wa kukaa na mtoto.

Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, Mama Ineza." Akaendelea kukunja nepi. Faustin aliporudi akanikuta nimenuna akauliza kuna nini, nikamwambia amuulize mama yake. Hakumuuliza. Siku tatu nyumba hii imekuwa kimya, unasikia ndege zikitua.

Leo ndiyo tumekwenda kwenye igikoni. Sikutaka aje. Alikuja. Alimfunga Ineza mgongoni, akachukua viazi vitamu na mkungu mdogo wa ndizi, akatangulia kwenye tope kana kwamba sikuwahi kusema kitu.

Tulikuwa kama wanawake kumi na watano chini ya turubai uani kwa Mukamana. Mmoja kaleta maharage, mwingine dodo, mwingine mayai matatu kwenye kofia ya mtoto, mwingine dagaa zilizotwangwa. Mimi nilileta ile sahani ya Ineza ya mpira inayonata mezani, iliyotoka Dar. Hapakuwa na meza. Niliibandika kwenye ndoo iliyogeuzwa, ikabanduka kwa mlio, wanawake wakacheka sana. Nilicheka nao huku najisikia kupasuka.

Mukamana alikuwa anazunguka akihoji kila mmoja mtoto anakula nini, saa ngapi. Alipofika kwetu nilifungua mdomo nianze kueleza, na nilikuwa nimejiandaa vizuri, hata suala la uji nilipanga kulitaja kwa upole wenye ncha. Lakini hakuniuliza mimi. Alimuuliza anayeshinda na mtoto.

Mabukwe alimjibu kwa Kinyarwanda, ametazama chini. Kinyarwanda changu ni cha sokoni, ila hiki nilikielewa chote, na heri nisingekielewa.

Alisema kila siku saa sita anaandaa chakula kama mama alivyoelekeza, anakikata urefu wa kidole. Anampeleka mtoto chumbani, anamkalisha mkekani na kufunga mlango, ili mtu akija kusalimia asimkute mtoto wa watu anakula hadharani. Yeye anakaa kitandani ameelekea dirishani, kwa sababu si vizuri kumtolea mtu macho akila, na pia kwa sababu akimtazama mikono yake inataka kumsaidia, na karatasi imekataza. Anasubiri. Mtoto anachezea, anatupa, anaanza kulia. Karatasi inasema asipotaka ondoa sahani. Anaondoa sahani, anasafisha mkeka, mtoto ananyonya maziwa niliyokamua, analala.

Mukamana akauliza, na uji? Hampi hata uji?

Akasema uji ni wake yeye. Magego yanamuuma tangu kiangazi, hawezi kutafuna kitu kigumu, kwa hiyo mchana anakunywa uji chumbani kwa kijiko, taratibu. Hakutaka kutusumbua na habari za meno.

Nilikaa pale na dodo niliyopewa kuchambua mkononi. Yaani sikujua niliweke wapi lile fungu la dodo.

Mtu niliyemshtaki kwa kuvunja masharti yangu ndiye mtu pekee duniani aliyeyafuata. Aliyafuata kuliko nilivyoyafuata mimi mwenyewe, kwa maana mimi Jumapili moja nilimtia Ineza yai mdomoni kwa kidole nikajifanya sikuona. Kila siku nilimuuliza kuhusu kijiko. Miezi miwili, sikumuuliza hata siku moja kama mtoto amemeza kitu.

Mukamana akanigeukia. "Mama Ineza, mtoto anakula na nani?"

Nikasema anakula mwenyewe, ndiyo maana yake.

"Oya, hapana. Nauliza, ni nani anakula, mtoto akimuona?"

Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Mimi mchana niko mgahawani. Jioni nasubiri Ineza alale ndipo nakula, sahani mapajani, mbele ya televisheni. Jumamosi na Jumapili namkalisha kwenye kile kiti cha Gisozi, mimi nakuwa upande wa pili nimeshika simu usoni, narekodi. Faustin ni mtu wa zamu. Mabukwe anafunga mlango wa jikoni.

Hakuna. Ineza hajawahi kuona mtu akitafuna. Ana miezi minane na hajui mdomo ule unafanya nini na kiazi. Anaviona viazi kila siku na kuvikagua, maskini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba vinaliwa.

Na kibaya zaidi nilishalisoma hilo. Liliandikwa, tena juu kabisa: mtoto akae na familia wakati wa kula, aige. Nililiruka. Niliona ni jambo la kijinga kuandika, kwani ni nani asiyekula na mtoto wake? Kwa mama yangu Morogoro ningemweka Ineza kando ya sinia na watu wanane wangetafuna mbele yake bila kufundishwa na mtu. Nimechukua njia ya kulisha watoto inayohitaji watu, nikaileta kwenye nyumba ambayo kila mtu anakula kivyake, nikaibandika kwenye friji na kuwaachia wengine waihangaikie.

Chungu kikaiva. Kila mama akapakuliwa. Nilimkalisha Ineza mkekani nikamwekea viazi vyake. Akashika kimoja, akakigeuza, akakitazama. Nilichukua kingine nikaanza kutafuna mbele yake ili aone, lakini nilitafuna na machozi yanashuka, na mtoto akawa anatazama machozi. Akaanza kulia na yeye.

Ndipo Mabukwe aliponyanyuka kwenye benchi. Alikunja kitenge chake, akapiga magoti, akakaa mkekani mbele ya Ineza. Akachukua kiazi kwenye sahani ya mtoto.

Nilidhani anataka kumlisha, na nakiri, hata pale, hata baada ya yote niliyokuwa nimesikia, nusura niseme usimtie mdomoni.

Alikitia mdomoni mwake. Mbele za watu. Alifungua mdomo wazi kabisa, mapengo yote nje, akatafuna polepole upande mmoja, upande usiouma, akimwangalia mjukuu wake machoni. Akameza. Akafungua tena mdomo kumwonyesha kwamba kimekwenda.

Wale wanawake waliokuwa wanatucheka dakika chache kabla waliacha kuongea. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakatupa mgongo. Mmoja akajifanya anafunga mtoto, mwingine anatafuta kifuniko, Mukamana mwenyewe akaenda kuchochea moto uliokwisha zimwa. Hakuna aliyewaambia. Walikuwa wanamsitiri. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki namtazama, mgeni, nisiyejua hata pa kuweka macho.

Alikula cha pili. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Ineza alikuwa amenyamaza, ametoa macho kwenye ule mdomo, kidevu chake kinapanda na kushuka pamoja nao. Halafu akachukua kiazi chake akakipeleka mdomoni. Akasaga. Akameza. Akashangaa kabisa, nyusi juu.

Sitaki kutia chumvi kama nilivyozoea. Alimeza vipande viwili na dagaa kidogo zilizovinatia. Cha tatu alikitema kwenye sketi yangu. Baada ya hapo alitaka kunyonya. Huo ndio ulikuwa mlo wote, na kadi yake bado inasema vile ilivyosema Jumatano. Mukamana alituambia tusijisumbue sana na suala la kijiko ama mkono, kwamba mtoto anaweza kushika kiazi na bado akapewa igikoma, uji mzito wenye karanga, pembeni, hakuna atakayekamatwa. Wote walicheka isipokuwa mimi.

Tulirudi kwa miguu. Njiani nilijaribu kuanza mara mbili. Mara ya kwanza pikipiki ikapita. Mara ya pili sikuwa na kisingizio, niliogopa tu. Kuomba msamaha kwa mtu aliyekukasirikia ni rahisi, anakurahisishia kwa hasira zake. Huyu hakunikasirikia. Alimbeba mwanangu mgongoni, akaruka madimbwi.

Nimefika nyumbani nikabandua ile karatasi kwenye friji. Gundi imebaki, nimekwangua kwa kisu, nimechubua rangi. Sasa friji ina kovu. Nimezifuta na zile picha za parachichi pamoja na maelezo yake yote ya kimwalimu. Mkiona hazipo, ndiyo sababu. Kwa wale walioniamini, naombeni radhi. Kaeni mle na watoto wenu. Sina la ziada.

Jumatatu nampeleka Mabukwe kwa daktari wa meno. Hajui bado, atakataa, tutakwenda. Na saa sita na nusu nitakuwa nyumbani, wenzangu wa mgahawani watanisamehe. Bado nina hasira, ila sasa angalau nimeshajua ni za nani.

Jioni hii, saa kumi na mbili na nusu, kabla sijakaa kuandika, alipakua kama kawaida. Yangu, ya Faustin ikafunikwa, yake. Akachukua yake akaingia jikoni. Mlango ukafungwa.

Nilisimama pale nje na sahani yangu mkono mmoja na Ineza mkono mwingine. Nikabisha. Kubisha hodi jikoni kwangu mwenyewe, fikirieni. Akafungua. Nikaketi sakafuni kando ya kigoda chake, nikamkalisha Ineza katikati yetu, nikamwekea ndizi zake. Nikasema, "Mama, nisamehe kwa yale ya Jumatano. Nilikukosea sana." Nilikuwa na mengine ya kusema, nilikuwa nimeyapanga.

Hakunitazama. Alisogeza sahani yangu karibu na goti langu.

"Kura kwanza," alisema. "Mtoto anakuangaria."

Nikala.